Kijiji Juu ya Meza Tupu

Mama Zaina alizikwa mwezi uliopita kwenye mteremko wa mawe. Kaburi lake lilichimbwa kwa mitalimbo tangu asubuhi hadi jua la saa sita, kwa sababu mahali pale jembe haliingii. Nilifika kwa pikipiki kutoka Kabambare, ninapofundisha, nikakuta wanaume bado wako ndani ya shimo hadi magotini tu, jasho linawatiririka, na sheikh ametulia pembeni akitazama saa. Wanawake tuliketi mbali kidogo juu ya mikeka, tukisikia chuma kinagonga mwamba. Mmoja wetu akasema, bila kumwelekea mtu yeyote, "Mume wake iko kule chini, mu udongo mulaini. Na yeye tunamutia hapa kama mbegu juu ya sahani." Mimi ndiye niliyeinamisha kichwa. Watu huniambia kwamba mambo yale yamepita, kwamba niyaache, kwamba mwalimu mwenye watoto sabini darasani hana nafasi ya kubeba hasira ya miaka. Hayajapita. Nina mwaka mmoja tu wa kusimulia, ule nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Katika mwaka ule mimi ndiye niliyemfundisha Mama Zaina namna ya kushika nyumba kwa vidole viwili hewani, na nyumba ile ndiyo iliyomfikisha kwenye mawe.

Kazi niliipata Kasongo. Nilikuwa nimemaliza masomo ya ualimu. Diploma ninayo, shule ya kunipokea sina. Kampuni moja iliyotaka kujenga barage, bwawa la kuzuia maji, kwenye mto Lwasenga, upande wa Kabambare, ilikuwa imekodi nyumba ya matofali karibu na soko, ikatafuta msichana anayejua Kifaransa na Kiswahili, anayesikia Kibangubangu hata kidogo, na asiyeogopa safari ya pikipiki. Aliyenipokea ni enjenia Bertin, mtu wa Kinshasa, mrefu, mwenye sauti ya upole, aliyekunywa chai ya mchaichai bila sukari na kuomba samahani kwa kila kitu, hata kwa ngurumo ya jenereta nyuma ya dirisha. Akaniingiza kwenye sebule isiyo na kiti wala pazia. Katikati palikuwa na meza ndefu, tupu, imefutwa vumbi. Akanivalisha miwani mizito iliyonibana paji la uso, akasema, "Tazama mezani." Nikaona kilima kimeota juu ya ubao. Niliona mto unaong'aa, miti midogo kama majani ya kitunguu, njia nyekundu, na nyumba, nyumba nyingi, kila moja ndogo kama kiberiti, na paa lake na mlango wake. Nilizunguka meza, na kilima kikabaki pale pale, nikaona upande wake wa nyuma. Nilivua miwani: ubao mtupu. Nikaivaa tena: kijiji.

Kulikuwa na mambo manne tu ya kujifunza. Unaelekeza kidole kwenye kitu unachokitaka. Unafinya hewa kwa kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayechukua chumvi kidogo. Unapeleka mkono hadi unapopenda, bila kuushusha chini ya macho, maana miwani haioni mkono ulioshuka. Kisha unafungua vidole, na kitu kinabaki pale. Enjenia aliniomba nimpatie maneno ya Kiswahili ya matendo hayo manne, mafupi, ambayo mtu wa kijijini atayashika haraka. Nikamwambia: onyesha, finya, beba, achia. Akayaandika, akanishukuru, akaomba samahani kwa kunisumbua. Mchana ule nilihamisha kanisa kutoka upande mmoja wa kilima hadi mwingine kwa vidole vyangu mwenyewe, nikacheka peke yangu kama mwenda wazimu. Sitaki kujisingizia leo kwamba nilishuku kitu. Nilipenda. Nilipenda hata maumivu ya bega jioni, na nilipofika chumbani kwangu nilimfundisha mwenzangu wa nyumba, tukafinya sufuria, tukafinya taa, tukafinya mbuzi wa jirani aliyekuwa anapita uani.

Kijiji kiliitwa Kamusonge, mwendo wa nusu siku kwa pikipiki kutoka Kabambare, kupita Lusangi, kwenye njia ambayo pikipiki hubebwa na watu mara nyingi kuliko inavyowabeba. Kazi yetu, nilivyoambiwa niwaambie wenyeji, ilikuwa hii: maji ya barage yatafunika kijiji, kampuni itawajengea kijiji kipya juu mlimani, na ninyi wenyewe mtapanga nyumba zenu zikae wapi. "Waambie tunatafuta mawazo yao tu," alisema enjenia. "Mawazo tu, Furaha. Wasiogope." Nikawaambia hivyo, kwa Kiswahili, na pale niliposhindwa katekista wa kijiji akanisaidia kwa Kibangubangu. Tulipewa darasa la tano la shule ya msingi. Jua lilisumbua miwani, kwa hiyo tulifunika madirisha kwa maturubai, na joto likawa la kuokea mkate. Aliyevaa miwani aliona kijiji. Wengine waliona mtu anachuna hewa. Watoto walichungulia, wakaanguka kwa vicheko, wakafukuzwa, wakarudi. Wa kwanza kujaribu alikuwa Mzee Kalume, shefu wa kijiji, mtu mzito aliyevaa koti licha ya joto.

"Finya, shefu," nikamwambia.

"Ninafinya nini? Hakuna kitu."

"Ile nyumba iko mbele yako."

"Ninaiona. Lakini mukono haisikii kitu. Mutu anafinya kitu asiyosikia, anaitwa nani?"

"Anaitwa mulevi," alijibu mtu kutoka nyuma, na darasa zima likalipuka. Mzee Kalume naye akacheka, akafinya, nyumba yake ikainuka, na nikamwona mdomo wake unabaki wazi kama wa mtoto. Alizungusha mkono polepole kupita mto, akasimama. "Na sasa?" "Achia, shefu." Akafungua vidole. Nikapiga makofi. Wote wakapiga makofi.

Mama Zaina alikataa siku tatu. Alikuwa mjane wa miaka kama sitini, msukaji wa mikeka, mwembamba, mwenye tabia ya kumtazama mtu mpaka amalize kusema na bado akaendelea kumtazama. Nilikuwa nimepangiwa kulala kwake, kwenye chumba chenye mlango wa mbao nzito uliochongwa na marehemu mume wake, na kila asubuhi aliniwekea mihogo ya kuchemsha na mawese yaliyotiwa pilipili, akaniuliza, "Leo tena munaenda kufinya pepo?" Siku ya nne alikuja mwenyewe, akaketi, akasema amesikia wanaume wamepanga nyumba za wake wenza wa Saidi zikitazamana mlango kwa mlango. "Wanataka wale wanawake wauane. Nipe ile miwani." Hakuhitaji kufundishwa mara mbili. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kushika unyuzi mwembamba na kuupitisha pasipoonekana, havikutetemeka, havikushuka. Alizitenganisha nyumba za wale wake wenza, akaweka mgomba katikati. Akahamisha nyumba ya katekista ikaribie kanisa, kwa sababu mguu wake mmoja ni mbovu. Akauliza upande wa Kibla uko wapi pale juu. Enjenia akatafuta kwenye kompyuta. Mama Zaina akaugeuza msikiti mdogo taratibu, kama mtu anayegeuza mtoto aliyelala. Kisha akauliza: "Makaburi iko wapi?"

Hayakuwapo. Enjenia aliomba samahani, akaongeza kwenye mashine vijiwe vyeupe. Mama Zaina aliomba aachwe peke yake, akapanga vijiwe kimoja kimoja, asubuhi nzima, akitaja majina kwa sauti ndogo. Mume wake. Watoto wake wawili. Mama yake. Marehemu wa jirani zake Wakristo pia, upande wao, chini ya msalaba aliouomba. Kuanzia siku ile watu walimletea yeye mashauri yao kabla ya kuingia darasani: nani asikae karibu na nani, kisima kisiwe chini ya choo cha nani, njia ya mashamba ipite wapi ili mbuzi wasiingie kwenye mpunga. Waligombana, wakanuniana, wakapatana. Nimekaa katika mikutano mingi tangu wakati ule, ya wazazi, ya walimu, ya dini, na sijaona tena watu wakifikiri pamoja kwa bidii namna ile. Hilo ndilo linalonichoma. Hawakuwa wajinga wa kuchezewa. Walifanya kazi ambayo serikali yenyewe haijawahi kuwaomba waifanye, na waliifanya vizuri.

Wiki ya mwisho alifika mwanasheria wa kampuni. Tulikula mchana nyuma ya shule, wali na sombe ya majani ya mihogo na samaki wa chumvi, mimi nikipakua. Wao walizungumza Kifaransa kana kwamba mimi ni kijiko. Mwanasheria aliuliza kama kila tendo la mkono limehifadhiwa. Enjenia akasema ndiyo: jina, picha ya mkono, siku, saa. Mwanasheria akasema ni nzuri kuliko saini, kwa sababu wengi wao wasingeweza kuandika, na alama ya kidole mtu anaweza kuikana, lakini hapa mkono wenyewe unaonekana ukitenda. Enjenia akasema, "Lakini tuliwaambia ni mawazo." Mwanasheria akaomba aongezewe sombe. Nikamwongezea. Enjenia akanitazama, nami nikamtazama, na yeye ndiye aliyeshusha macho kwanza. Nilimaliza sahani yangu. Nakumbuka samaki alikuwa na miiba mingi. Nilijiambia kwamba pengine sikuelewa Kifaransa cha sheria, kwamba kazi imebaki siku nne, kwamba enjenia ni mtu mwema na atasema. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na ninaviandika hapa kama vilivyo, kwa sababu nimechoka kusikia watu wanaosimulia ubaya wa makampuni kana kwamba wao walikuwa wamesimama kando na mikono safi.

Miezi mitano ikapita. Nilikuwa nimerudi Kasongo nilipoitwa tena, kutafsiri mkutano kwenye ofisi ya teritware, yaani ya wilaya, Kabambare. Watu wa Kamusonge walikuwa wametembea siku moja na nusu, wakajaza ukumbi, wengine wakiwa wamesimama uani kando ya madirisha. Ukutani palibandikwa ramani ya kijiji kipya. Niliitazama nikidhani wamekosea karatasi. Nyumba zote zilikuwa katika mistari minne iliyonyooka, kama masanduku ghalani, kila moja na namba. Hapakuwa na msikiti wala kanisa. Kisima kilikuwa chini kabisa, mbali. Makaburi, hakuna. Na kilima chenyewe hakikuwa kile cha mezani. Kilikuwa kingine, cha mawe, upande wa pili wa njia. Mzee Kalume alisimama, akasema kwa heshima kwamba hii si kazi yao, kwamba wao walipanga vingine. Mwanasheria akafungua faili nene, akaanza kusoma. Kila karatasi ilikuwa na picha ya mkono hewani, vidole viwili vimegusana, na chini yake jina. Nilitafsiri mbili za kwanza kabla akili haijafika mahali mdomo ulipokuwa. Maneno yangu manne yalikuwa pale, yamerudishwa kwenye Kifaransa na mtu fulani aliyeketi ofisini. Onyesha: ametambua nyumba yake. Finya: ameichukua kwa hiari. Beba: amekubali kuhama. Na achia, neno langu dogo la kufungua vidole, lilikuwa limeandikwa kwa neno la Kifaransa la mtu anayemkabidhi mwingine ardhi yake asiidai tena. Karatasi ya Mama Zaina ilikuwa na kurasa nyingi kuliko za wote. Kwa kila kijiwe cheupe alichokiweka, ameachia, ameachia, ameachia.

Nikageuka kumtafuta enjenia.

"Endelea kutafsiri," alisema mwanasheria.

"Siwezi."

"Umechoka? Upewe maji?"

Enjenia Bertin alikuwa ameketi pembeni, mikono juu ya magoti. Nilimwita kwa jina, bila cheo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nikasema kwa Kiswahili, ili ukumbi wote usikie: "Sema. Uliniambia niwaambie nini?" Akafungua mdomo. Akasema kwa Kifaransa, taratibu, kwamba hapa si mahali pake. Basi nikawageukia watu, nikawaeleza karatasi zile zinasema nini, neno kwa neno, na nikasema kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyeambiwa kwamba kufinya ni kutia saini, na ninajua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa kuwaambia. Kelele ziliinuka. Mwanasheria aligonga meza, akasema kwamba mtumishi huyu amefukuzwa tangu dakika hii. Msaidizi wa administrata, mkuu wa teritware, ambaye hadi hapo alikuwa akisoma ujumbe kwenye simu, aliahirisha mkutano. Nilitoka nje, na kwa kweli nilidhani, kijana ni kijana, kwamba watanishika mkono, wataniita binti yao.

Mama Zaina alikuwa ameketi kwenye ngazi, anajipepea kwa ncha ya kitenge. Akaniuliza, "Uliyajua tangu siku gani?"

Ningeweza kusema leo asubuhi. "Tangu siku ile mwanasheria alipokula nasi."

Akanitazama, nikiwa nimemaliza kusema, na akaendelea kunitazama. "Ulirudi jioni ile. Nilikuwekea maji ya kuoga. Ulilala mu nyumba yangu siku ine tena."

"Ndiyo, mama."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Akainuka, akawafuata wenzake. Hakunitukana. Mpaka leo ningependa angenitukana.

Nilibaki Kabambare siku mbili bila kujua la kufanya, kisha nikanunua daftari, nikapanda kwenda Kamusonge na pikipiki ya mtu aliyekuwa anapeleka chumvi. Nilitaka kwenda nyumba kwa nyumba, nimwulize kila mtu swali moja, niandike jibu lake kama lilivyotoka, kisha daftari lipelekwe teritware. Wengine walinifungia mlango, nao walikuwa na haki. Mzee Kalume ndiye aliyewaambia wanipokee. "Muache aandike," alisema. "Mbaya ameshafanya, sasa afanye na kazi." Swali lenyewe lilikuwa: siku ulipofinya, ulifikiri unafanya nini? Mke mkubwa wa Saidi alisema: "Nilifikiri tunacheza, na mimi sikuwa nimecheza tangu niolewe." Katekista alisema alifikiri ni kama zoezi la shule, ambalo mwalimu akishasahihisha hurudisha daftari. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatwanga, hata hakusimamisha mtwangio, akasema: "Nilikuona uko mutoto wa watu, unatafuta kazi. Nilifikiri nikikataa watakufukuza." Niliandika hilo nikiwa nimeugeuza uso wangu ili machozi yasilowanishe karatasi.

Daftari lile lilipokelewa. Karani alilipiga muhuri mbele yangu na Mzee Kalume, akalitia kwenye kabati. Mkutano ulioahirishwa haukuitwa tena. Msimu wa kiangazi uliofuata yalikuja malori mpaka njia ilipoishia, watu wakahamishwa kwenda kwenye mistari minne, na siku ya kuhama nilibeba kichwani mzigo wa mikeka ya Mama Zaina pamoja na wanawake wengine, naye hakunizuia. Barage haikujengwa. Kampuni ilipakia mashine zake, ikaenda zake. Hakuna tone la maji lililopanda juu ya Kamusonge. Mpunga umegeuka kichaka, makaburi yako palepale, makavu, na mtu wa kule akienda kulima anaambiwa na askari kwamba ardhi ile ina mwenyewe kwa karatasi, na karatasi ina picha ya mkono wake. Sasa hivi ukisikia watu wa mijini wanavyosifu miwani ile, namna unavyogusa kisichokuwepo na kikakutii, wanauliza tu kama mashine inauona mkono vizuri. Inauona, mimi ni shahidi. Iliuona mkono wa Mama Zaina kuliko mkono wowote niliowahi kufundisha, na mwenye mkono hakuonekana na mtu.

Yeye nilimfikia mwisho, siku ya tatu ya kuandika lile daftari. Nilimkuta anasuka uani, unyuzi umemwagika mapajani. Hakunikaribisha kiti, nikachuchumaa. Nikamwuliza kama nilivyowauliza wengine: "Mama, siku ulipofinya, ulifikiri unafanya nini?" Alisuka mpaka akamaliza mstari. Nilidhani hatanijibu, nikaanza kufunga daftari.

"Andika," akasema. "Nilifikiri wananiuliza."

Nikasubiri aendelee.

"Ni ile tu. Tangu nizaliwe hakuna mutu wa serikali ao wa kampuni aliniuliza kitu. Siku ile nilifikiri wananiuliza. Andika hivyo, na usiongeze neno lako."

Nikaandika. Nikamsomea. Akasema ni sawa, akaendelea kusuka.